Kiwanda cha Kuunganisha Magari Hufunguliwa na Kufungwa kwa Hesabu Gani?

Wengi wetu hupita Miritini tukielekea Mazeras bila kufahamu kwamba hapo ndipo kilipo kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kimoja kati ya vitatu vilivyoanzishwa nchini Kenya katika miaka ya 1970, pamoja na kile cha Thika na kile cha General Motors jijini Nairobi. Serikali, ambayo wakati huo ilikuwa mbia, ilikusudia kuokoa fedha za kigeni na kuwapatia vijana ujuzi.

Vipande vya gari hushushwa katika bandari ya Kilindini, Mombasa, vikiwa ndani ya makontena. Mabati ya bodi, ambayo huja bila rangi, huchomelewa, huoshwa, hutumbukizwa katika birika la dawa ya kuzuia kutu, kisha huingizwa kwenye tanuri. Chesi ya lori aghalabu hulazwa juu chini kwanza, ili mafundi wafunge ekseli na springi bila kuinama chini yake, halafu hupinduliwa na kupokea injini.

Kazi hiyo yote hutegemea tofauti ya ushuru. Chini ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, vipande vya kuunganishwa viliingia bila ushuru wa forodha, ilhali gari zima lilitozwa asilimia 25 kwa miaka mingi. Tofauti hiyo ikipungua, au wanunuzi wakiwa wachache, kiwanda huanza kuyumba, kwa kuwa birika na tanuri hugharimu karibu kiasi kile kile, yapite magari kumi au mia.

Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, bandari ile ile iliyoleta vipande ikaleta kwa wingi magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, na yadi za kuyauza zikajaa mjini. Sheria ya kutoruhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane ilisaidia kidogo tu. Kwa maoni yangu, mnunuzi wa kawaida halaumiki, kwani hununua anachokimudu. Anayepaswa kuulizwa ni mwenye kupanga sera, hasa pale idara za serikali zinaponunua magari yaliyoletwa yakiwa mazima.

Australia inatufundisha jinsi viwanda vinavyoangushana. Ford na Holden zilitangaza mwaka 2013 kwamba zingeacha kuunda magari huko, na Toyota ikafuata mwaka 2014, kwa sababu watengenezaji wa vipuri waliotegemea kampuni zote tatu wasingeweza kudumu kwa mteja mmoja. Kufikia Oktoba 2017 milango yote ilikuwa imefungwa.

Mfanyakazi anayesikia tetesi za kufungwa kwa kiwanda aijue Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40. Mwajiri hana budi kukijulisha chama cha wafanyakazi na afisa wa leba sababu na ukubwa wa hatua hiyo angalau mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama hupewa ilani ya maandishi yeye mwenyewe. Siku za likizo ambazo hazijachukuliwa hulipwa kwa fedha taslimu, na kiinua mgongo kisipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Kwa hiyo barua ya kuajiriwa na hati za malipo ya kila mwezi zihifadhiwe nyumbani, si katika kabati la kazini, kwa kuwa ndizo zitakazothibitisha miaka hiyo mbele ya afisa wa leba.