Je, wajua kwa nini Mac hukataa programu ya msanidi isiyemjua?

Umepakua programu kutoka intaneti, ukaibofya mara mbili, na Mac ikakujibu kwamba haiwezi kuifungua kwa kuwa msanidi wake hatambuliki. Wengi hudhani kompyuta imekuta virusi. La. Ilichokosa ni jina tu.

Kivinjari kinapopakua faili, hulibandika alama isiyoonekana inayoeleza kuwa limetoka nje. Ukilifungua mara ya kwanza, mfumo wa ulinzi uitwao Gatekeeper, ulioanza mwaka 2012, huiona alama hiyo na kutafuta sahihi ya kidijitali. Msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, huitia sahihi kazi yake kwa cheti anachopewa na Apple akijisajili na kulipa ada, dola 99 kwa mwaka. Sahihi hukokotolewa kutokana na programu yenyewe, hivyo mtu akiichezea baadaye, hata baiti moja, hesabu hazilingani tena. Tangu macOS Catalina, toleo la 2019 la mfumo endeshi wa Mac, sahihi pekee haitoshi: msanidi hutakiwa pia kuituma programu Apple, mashine ziikague kabla haijasambazwa.

Anayegawa kazi yake bure hana hamu ya kulipa ada hiyo kila mwaka, ndiyo maana programu nyingi nzuri za chanzo huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, hukwama mlangoni. Na mbaya zenye vyeti hupita! Machi 2016, kisakinishi cha Transmission, programu ya kupakulia torenti, kilipachikwa KeRanger, ambayo hufunga mafaili ya mtu na kudai fidia. Cheti kilikuwa halali, Gatekeeper ukakipitisha kisakinishi hicho, hadi Apple ilipobatilisha cheti.

Kama programu umeitoa kwenye tovuti ya wenyewe, si kwenye kiungo ulichotumiwa na mtu, njia ipo. Jaribu kuifungua, ikataliwe, kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, ushuke chini. Utakuta jina lake na kitufe cha kuifungua hivyo hivyo. Kitufe hicho hukaa kama saa moja, kisha hutoweka. Ujanja wa zamani wa kuifungua kwa kuibofya huku umeshikilia kitufe cha Control uliondolewa kwenye macOS Sequoia ya 2024.

Wapo wanaoshauri kuuzima Gatekeeper wote kwa amri. Sioni haja: ruhusa ya programu moja inatosha, na nyingine zitaendelea kuulizwa.

Ujumbe ukisema programu itadhuru kompyuta yako, hilo ni jambo jingine kabisa. Hapo imeshajulikana kuwa hasidi, au cheti chake kimefutwa. Itupe.