Tabaka katika akiolojia: maana yake na namna linavyosomwa

Tabaka ni safu ya udongo, kifusi, majivu au sakafu iliyolala juu ya nyingine. Kanuni ni nyepesi: cha chini kilitangulia, cha juu kilifuata. Elimu ya kuyasoma matabaka huitwa stratigrafia, na mjini ndiko inakomtoa mtu jasho.

Chukua London. Mji wa Kirumi, Londinium, uko mita kadhaa chini ya lami, kwingine karibu mita 7. Haukudidimia. Watu walibomoa, wakasawazisha kifusi, wakajenga juu yake, karne baada ya karne. Sehemu nyingi za katikati ya mji wachimbaji hukuta tabaka jekundu la udongo ulioungua: ni mwaka 60 au 61 B.K., jeshi la Boudica, malkia aliyewaasi Warumi, lilipouteketeza mji. Kilicholala chini ya wekundu huo ni cha kabla ya moto.

Kinachotibua mambo ni mashimo. Mtu wa karne ya 13 akichimba choo hadi kwenye sakafu ya Kirumi, chungu chake kitakutwa chini kuliko sarafu ya Kirumi iliyo kando. Kwa hiyo mchimbaji hukwangua taratibu kwa mwiko wa mwashi, macho kwenye rangi ya udongo, na shimo hulimaliza kwanza kabla ya kugusa tabaka lililokatwa.

Yalipojengwa makao ya kampuni ya Bloomberg mjini London, karibu na barabara ya Walbrook, vilitolewa vibao vya Kirumi vya kuandikia zaidi ya 400, vya mbao iliyopakwa nta. Kijito cha Walbrook, kilichofukiwa zamani, kiliuacha udongo umelowa na bila hewa, mbao zisioze. Nta ilishatoweka, ila kalamu ya chuma ilikuwa imekwaruza ubao. Kimoja ni hati ya deni ya tarehe 8 Januari 57 B.K.: Tibullus anakiri kwamba Gratus anamdai dinari 105 za bidhaa. Wote wawili walikuwa watumwa walioachwa huru. (Kama alilipa, kibao hakisemi.) Tabaka lililokifunika haliwezi kuwa la kabla ya siku hiyo.

Kuchimba, hata hivyo, ni kuharibu. Tabaka likishaondolewa halirudi. Ndiyo maana kila moja hupewa namba, hupigwa picha na kuchorwa, na vitu vyake hutiwa mfuko wenye namba hiyohiyo. Sarafu iliyochomolewa usiku na mwizi huuzika vizuri, lakini kwa mwanaakiolojia imepoteza nusu ya habari zake.