Mtaji wa ubia kwa biashara za kijani: ni pesa ya namna gani?

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu pesa hizi ni fupi: "Zinarudishwa au hazirudishwi?" Aliyezoea mkopo wa benki au wa VICOBA anazijua pesa za kurudisha pamoja na riba. Aliyewahi kupeleka andiko la mradi kwa wafadhili anaijua ruzuku, ambayo hairudishwi ila inaandikiwa ripoti. Mtaji wa ubia haumo katika makapu hayo mawili, na ndiyo maana watu wengi wanaupokea bila kujua wamepokea nini.

Mtaji wa ubia ni pesa inayonunua sehemu ya kampuni changa. Mwekezaji anatoa pesa, anapewa hisa, anakuwa mbia. Hadai riba, hashiki hati ya nyumba ya mtu, na kampuni ikifa hana wa kumdai. Anachotarajia ni kampuni ikue, kisha hisa alizonunua kwa bei ya mche aziuze kwa bei ya mti uliokomaa. Wengine wanauita mtaji hatarishi, na si jina baya. Mimi napendelea "ubia" kwa sababu linamkumbusha mwenye biashara kwamba tangu siku ya kusaini, biashara si yake peke yake.

Ukiongeza neno "kijani", tunazungumzia biashara ambayo bidhaa yake yenyewe ndiyo inayopunguza uharibifu wa mazingira: taa ya jua mahali pa koroboi, pikipiki ya betri mahali pa ile ya petroli, mkaa wa mabaki mahali pa mkaa wa miti. Kiwanda kinachopanda miti getini kila Siku ya Mazingira hakiingii humu, hata kama kimepaka nembo yake rangi ya majani. Wala tusiuchanganye na hatifungani ya kijani. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya Sh bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji. Huo ni mkopo: una riba, una tarehe, na anayekopa ana wateja wanaolipa ankara kila mwezi. Mtaji wa ubia unakwenda kwa yule ambaye bado hana hata wateja wa kutosha.

Tuuone kwa karibu. Tuseme dada mmoja Pangani anatengeneza mkaa wa vifuu vya nazi. Vifuu vinachomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo, vinasagwa, unga wake mweusi unachanganywa na uji wa muhogo, unashindiliwa kwenye mashine, kisha tofali ndogo ndogo zinaanikwa juani. Akina mama lishe wanaupenda kwa sababu hautoi moshi mwingi na unakaa na moto. Shida ni mashine. Aliyonayo inazungushwa kwa mkono, na oda zimemzidi. Benki inataka nyumba, yeye anaishi ya kupanga.

Anakuja mwekezaji. Wanakubaliana kwamba kampuni, kama ilivyo leo, ina thamani ya Sh milioni 300. Mwekezaji anaweka milioni 100. Kampuni sasa ina thamani ya milioni 400, na robo yake, asilimia 25, ni ya mwekezaji. Dada amebaki na 75. Biashara inakua, na miaka miwili baadaye anakuja mwekezaji wa pili na milioni 300 kwa asilimia 20 ya kampuni nzima. Hisa mpya zinatolewa, na za wale wawili zinapungua kwa uwiano uleule: dada anabaki na 60, mwekezaji wa kwanza 20, wa pili 20. Hapo watu wengi wanashtuka kwamba "wameibiwa". Hawajaibiwa. Kampuni sasa inahesabiwa kuwa na thamani ya bilioni 1.5, na asilimia 60 yake ni milioni 900, angalau kwenye karatasi.

Kinachoumiza mara nyingi kimeandikwa ukurasa wa mbele zaidi: haki ya kulipwa kwanza. Mikataba mingi ya aina hii inasema kampuni ikiuzwa, wawekezaji wanachukua kwanza pesa walizoweka, ndipo wengine wagawane kinachobaki. Tuseme mambo yameharibika na kampuni inauzwa kwa Sh milioni 450. Mwenye asilimia 60 angedhani anapata milioni 270. Lakini wawekezaji wameweka jumla ya milioni 400, na wanazichukua hizo kwanza. Dada aliyeamka alfajiri miaka sita kuchoma vifuu anapata milioni 50. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwani yote yalikuwa kwenye karatasi aliyosaini. Ndiyo maana nasisitiza mpaka watu wanachoka nami: kabla ya kushangilia thamani ya kampuni, soma nani analipwa kwanza, na mlipe wakili akusomee.

Sasa, kwa nini mwekezaji awe mkali hivyo? Kwa sababu pesa si zake. Nyuma yake kuna mfuko, na ndani ya mfuko kuna pesa za wengine: mifuko ya pensheni, vyuo vikuu, matajiri, mabenki ya maendeleo ya serikali za Ulaya. Kwa kawaida mfuko unaishi miaka 10. Anayeusimamia anapata ada ya kama asilimia 2 kwa mwaka, na asilimia 20 ya faida ikipatikana. Katika miaka ya mwanzo anatafuta kampuni, katika miaka ya mwisho anatakiwa auze hisa zote na kuwarudishia wenye pesa. Katika kampuni kumi, anajua kadhaa zitakufa, kadhaa zitajikongoja, na moja au mbili lazima zilipe gharama ya zote. Basi hataki biashara nzuri tu. Anataka kila moja iwe na uwezo wa kuwa ile moja.

Hesabu hiyo ilizaliwa Marekani. Mwaka 1946 Georges Doriot na wenzake walianzisha American Research and Development Corporation, kampuni ya kuweka pesa katika kampuni changa, huko Boston. Mwaka 1957 iliweka dola 70,000 katika Digital Equipment Corporation, watengenezaji wa kompyuta, na baada ya miaka kumi na kitu hisa zile zilikuwa na thamani ya mamia ya mamilioni ya dola. Baadaye ikaja programu ya kompyuta, bidhaa ambayo ukishaiandika mara moja, nakala ya milioni haikugharimu karibu chochote. Mkaa wa Pangani hauko hivyo. Kila kilo inahitaji vifuu, jua, mikono na lori. Na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: saa ya mfuko na saa ya biashara ya kijani hazisomi sawa.

Wamarekani waliligundua hilo kwa gharama kubwa. Kati ya 2006 na 2011 mifuko ya ubia ilimwaga zaidi ya dola bilioni 25 katika teknolojia safi, na watafiti wa chuo cha MIT walipopiga hesabu mwaka 2016 walikuta zaidi ya nusu imepotea. Mfano unaotajwa sana ni Solyndra ya California. Ilitengeneza paneli za jua zenye umbo la mirija, zisizotumia silikoni, malighafi ya paneli za kawaida, wakati silikoni ilikuwa ghali mno. Kwenye karatasi hesabu ilikaa vizuri. Kisha bei ya silikoni ikaporomoka, viwanda vya China vikajaza soko paneli za kawaida za bei nafuu, na Solyndra ikafilisika mwaka 2011 ikiwa imebeba mkopo wa dola milioni 535 uliodhaminiwa na serikali. Ni kweli kwamba katika kipindi hichohicho serikali iliikopesha Tesla, watengenezaji wa magari ya umeme, dola milioni 465 na ikalipwa zote mwaka 2013. Lakini wenye mifuko walikwishaogopa, na kwa miaka kadhaa kampuni changa za nishati zilifungiwa milango.

Afrika Mashariki tumepita njia yetu wenyewe, na chanzo chake ni simu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 iliwezesha malipo madogo madogo kukusanywa bila mtu kupita nyumba kwa nyumba. M-KOPA, iliyoanzishwa 2011, ikaitumia njia hiyo kuuza umeme wa jua kwa mkopo: kiasi cha kuanzia, kisha katika miaka ya mwanzo shilingi 40 za Kenya kwa siku. Ndani ya kiboksi kilichotundikwa ukutani kuna laini ya simu. Ukilipa, taa zinawaka. Usipolipa, zinazimwa kutoka mbali. Arusha nako ilizaliwa Off Grid Electric, nayo ya umeme wa jua, ambayo baadaye ilijiita Zola, ikavuta wawekezaji kutoka Marekani. Mtu aliyekulia kwenye moshi wa koroboi, akisoma huku macho yanawasha, haambiwi maana ya taa ile.

Hata hivyo, kampuni ya namna hii ni mbili katika moja. Mchana inauza paneli, usiku inakopesha watu maelfu. Kununua paneli za kukopesha kunahitaji pesa nyingi, zinarudi polepole, na zinarudi kwa shilingi wakati mzigo umelipiwa kwa dola. Mobisol ya Ujerumani, iliyofanya kazi Tanzania, Kenya na Rwanda, iliomba ulinzi wa ufilisi mwaka 2019, ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. M-KOPA imesimama, lakini siku hizi biashara yake kubwa ni kukopesha simu janja. Siwalaumu, kwa kuwa simu nayo ni hitaji. Ila anayeamini kwamba mtaji wa ubia utakaa na taa ya jua mpaka kijiji cha mwisho aikumbuke njia hiyo: pesa inayotaka ukuaji huisukuma kampuni kule ukuaji uliko.

Dawa mojawapo iliyobuniwa ni kubadilisha saa. Breakthrough Energy Ventures, mfuko ulioongozwa na Bill Gates ukaanza mwaka 2016 na zaidi ya dola bilioni moja, ulijipa miaka 20 badala ya 10. Nairobi upo KawiSafi, mfuko ulioanzishwa na Acumen, shirika la Marekani linalowekeza katika biashara zinazowahudumia maskini, ambao jina lake ni Kiswahili kitupu: kawi ndilo neno ambalo Wakenya wengi hutumia kwa kile Watanzania tunachoita nishati. Mwaka 2015 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, unaochangiwa na serikali mbalimbali, uliidhinishia KawiSafi dola milioni 25, sehemu kubwa ikiwa ya hisa. Pesa ya umma inapotangulia kubeba hatari, ya binafsi hupata ujasiri wa kufuata. Naona huo ndio mpangilio unaotufaa zaidi, kwa sababu vitu tunavyovihitaji, majiko, betri, maji, mbolea ya mabaki, vyote vina uzito na vyote vinapita kwenye barabara zetu.

Turudi Pangani. Kila atakayekaa naye mezani atamuuliza dada yule tani ngapi atauza mwaka kesho, miti mingapi imenusurika, mshindani wake nani. Ajiandae kwa hayo. Yakiisha, naye ana swali lake la kuuliza, na alitoe kabla hajashika kalamu: mfuko wenu ulianza mwaka gani? Wakimjibu 2018, hana haja ya kikokotoo. Wamebakiza muda mfupi kuliko ule ambao mnazi aliopanda mwaka huu utahitaji ili kuanza kuzaa.