Boriti za Baa ya Kijijini Hazikutoka Melini

Kwa mara nyingine nimetumiwa picha ya dari ya hoteli ya kale ya Uingereza, safari hii kutoka Ludlow, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa Wales, na maelezo yaliyoambatana nayo ni yale yale: boriti hizi nyeusi zilitolewa kwenye meli ya kivita iliyovunjwa. Aliyenitumia ni mtu makini, na maneno hayo aliyapata kwa mhudumu aliyemwonesha chumba, ambaye naye bila shaka aliyapata kwa aliyemtangulia kazini. Mimi ni seremala wa kuhifadhi majengo ya kale, na simulizi hii nimeisikia kila wilaya niliyopata kushika patasi katika nchi hii. Wenzetu wanaokuja kutembea, wakalala usiku mmoja au miwili katika nyumba za wageni za vijijini, wanarudi nyumbani nayo kama ukweli. Naomba sasa niieleze kwa maandishi, kwa kirefu, kwa sababu uongo huu unaficha jambo zuri kuliko uongo wenyewe.

Tuanze na jiografia, ambayo haihitaji ufundi. Ludlow iko bara. Hoteli ya The Feathers ya mji huo, ambayo uso wake wa mbao za nakshi ni wa mwaka 1619, imezungukwa na nchi iliyokuwa na mialoni tele. Gogo la mwaloni mbichi la kuvuka ukumbi mmoja lilitosha kuwachosha ng'ombe wa kukokota, na barabara za wakati ule zilikuwa tope tupu sehemu kubwa ya mwaka. Kilichomuumiza mjenzi kilikuwa gharama ya kusafirisha zaidi kuliko bei ya mti. Kwa nini basi aende pwani kununua mbao kuukuu, azikokote siku kadhaa, ilhali mti uliosimama upo nyuma ya nyumba ya jirani? Oliver Rackham, mtaalamu wa historia ya misitu, alihesabu mbao za nyumba moja ya shambani huko Suffolk akakuta imetumia mialoni ipatayo 330, na mingi kati yake ilikuwa miti michanga na myembamba. Hiyo ni miti ya kichaka kinachotunzwa, kinachokatwa na kuachwa kichipue tena, karibu na mahali pa ujenzi.

Kisha tuje kwenye mbao zenyewe. Nimekulia Lamu, na kazi ya mbao niliianzia Matondoni, ambako majahazi yanaundwa ufukweni, kwa hiyo katika jambo hili nasema kwa uhakika. Taruma la chombo, yaani ubavu wa mti unaoshikilia umbo lake, si boriti. Lina mkunjo wake, na uso wake wa nje huchongwa kwa mshazari unaobadilika kutoka mkukuni, yaani gogo la chini kabisa la chombo, hadi juu, ili mbao za ubavuni zilale juu yake bila kuacha upenyo. Meli za mialoni za Uingereza zilifuata kanuni hiyo hiyo kwa ukubwa mwingine. Ukichukua taruma la namna hiyo ukataka kulifanya boriti ya dari, utatafuta uso mmoja ulionyooka wa kulaza sakafu na hutaupata. Tena utalikuta limetobolewa mfululizo kwa vigingi na bolti, na chuma kikikaa muda mrefu ndani ya mwaloni huacha doa jeusi la wino ambalo halitoki kwa randa wala kwa tezo. Utategemea pia kuona mabaki ya lami na kalafati, zile nyuzi za kuziba mianya ya chombo. Milingoti nayo aghalabu ilikuwa ya misonobari, kwa hiyo anayekuonesha nguzo ya mwaloni na kuiita mlingoti anakuonesha nguzo.

Linalowapotosha watu ni matundu matupu, na hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, maana ndipo palipo na utamu. Ukiinua macho katika chumba cha chakula cha baa ya kale utaona boriti yenye tundu refu la mstatili lisiloingia kitu, na pembeni yake matundu mawili ya mviringo. Mgeni hujiambia kwamba boriti hii ilikuwa na kazi nyingine mahali pengine, na kutoka hapo kufika melini ni hatua moja. Lakini mara nyingi tundu hilo linakuambia kwamba boriti haijawahi kuondoka, na kwamba kilichoondoka ni ukuta. Hapo palisimama nguzo, ulimi wake, yaani ncha yake iliyochongwa nyembamba, ukaingia ndani ya tundu la mstatili, na vigingi vya mwaloni vikapita kwenye yale matundu ya mviringo kuushika ulimi. Baadaye mwenye nyumba alitaka ukumbi mpana zaidi, akaung'oa ukuta, na tundu likabaki.

Angalia zaidi. Kati ya tundu moja la mstatili na jingine, upande wa chini wa boriti, huenda ukaona safu ya vitundu vidogo. Humo ziliingia ncha za fito, kisha fito zikasukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Msomaji wa Pangani, Malindi au Kigoma hahitaji kuelezwa ukuta wa aina hiyo, maana pengine amezaliwa ndani yake, na mimi hufurahi sana ninapomwonesha mtu wa kwetu kwamba hoteli anayolipia pauni nyingi kwa usiku ina kuta za fito na udongo chini ya chokaa yake nyeupe. Na ukikuta matundu ya mraba yaliyokaa mshazari, pembe moja ikielekea nje ya nyumba na nyingine ndani, umepata dirisha la zamani lisilokuwa na kioo: kila tundu lilishika nondo ya mti. Kama dirisha hilo sasa liko katikati ya jengo, basi hapo ndipo nyumba ilipoishia kabla haijaongezwa. Umesoma historia ya baa nzima kwa kutazama juu huku ukisubiri supu.

Ni kweli pia kwamba mbao zilitumika tena. Mwaloni hautupwi. Nyumba ilipobomolewa, boriti zake ziliingia katika nyumba iliyofuata, na nimeshika boriti ambazo matundu yake hayaendani kabisa na mahali zilipo. Hizo zilitoka katika nyumba nyingine, ghala, au banda la shambani. Ni lipi hasa, mara nyingi haiwezekani kulijua, na anayekutajia jengo mahsusi bila hati mkononi anakisia.

Mti wenyewe ulitumika ukiwa mbichi. Mwaloni mbichi hukubali patasi na shoka, ukikauka unakuwa mgumu ajabu. Mafundi walikata, wakachonga na kuunga wakati maji yamo, kisha wakaiacha nyumba ikauke ikiwa imesimama. Ndiyo maana boriti zina nyufa ndefu na zimejipinda, na ndiyo maana, pamoja na misingi iliyodidimia, kitanda chako kinaonekana kuteremka upande wa dirisha. Tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa likiwa limesogea kidogo, si sambamba na matundu ya nje, ili kigingi chenye ncha kikipigwa nyundo kivute kiungo na kukibana. Hakuna gundi wala msumari. Fremu iliungwa kwanza ikiwa imelazwa chini, ikaandikwa alama kwa patasi, ikafunguliwa, ikapelekwa mahali pake na kusimamishwa. Alama hizo ni namba za Kirumi, ambapo nne huandikwa kwa mistari minne. Tafuta mahali nguzo inapokutana na boriti: ukiona VII juu na VII chini, viungo hivyo viwili vilitengenezwa vikutane hapo, na hoja ya meli imekwisha.

Kuhusu mbao zilizopinda, ambazo nazo hudhaniwa ni za meli, fundi alichagua mti uliokua umepinda kwa sababu mkunjo wa asili una nguvu kuliko mkunjo wa kuchonga. Basi.

Haki inataka niseme kwamba mbao za meli zipo kweli katika majengo machache, na yanajulikana. Kinu cha Chesapeake kilichoko Wickham, Hampshire, kilijengwa mwaka 1820 kwa mbao za meli ya kivita ya Marekani yenye jina hilo, iliyotekwa mwaka 1813 na baadaye kuvunjwa Portsmouth, si mbali na hapo. Duka la Liberty jijini London, ambalo wengi hulidhania la enzi za wafalme wa Tudor, miaka mia nne na zaidi iliyopita, lilijengwa miaka ya 1920 kwa mbao za meli mbili za kivita, HMS Impregnable na HMS Hindustan. Zingatia yanavyofanana: ni majengo ya karne ya 19 na 20, meli zina majina, na kuna kumbukumbu za mauzo. Katika miji ya bandari na kando ya viwanda vya kuvunjia meli siwezi kukataa kwamba ubao mmoja mmoja uliingia ndani ya nyumba, na wataalamu wa mbao wenyewe hubishana kuhusu baadhi ya vipande. Ninachokikataa ni meli nzima iliyofika Ludlow.

Weusi nao si wa lami ya baharini. Desturi ya kupaka boriti rangi nyeusi ilienea hasa karne ya 19. Kabla ya hapo nyingi ziliachwa na rangi yake ya kijivu au zilipakwa chokaa pamoja na ukuta. Yale makovu ya shoka ambayo wageni huyapapasa wakiyasifu kuwa ni kazi ya tezo ya fundi wa kale, mara nyingi ni ya baadaye: boriti ilikwanguliwa ili plasta ya dari ishike, wakati ambapo dari tambarare ndiyo ilikuwa fasheni. Fundi wa kwanza aliacha uso laini kuliko hivyo. Na katika karne ya 20 ziliongezwa boriti za bandia, hata za plastiki. Gonga kwa kifundo cha kidole. Ikilia uwazi ndani, nenda zako.

Tarehe zilizopakwa kwenye ukuta wa mbele zinahitaji uangalifu huo huo. Huko Nottingham, Ye Olde Trip to Jerusalem imeandika mwaka 1189 ukutani, lakini jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la karne ya 17, limeegemea mapango ambayo ni ya zamani zaidi. Baa mbili za mji huo huo, The Bell na Ye Olde Salutation, zina mbao ambazo vipimo vya pete za mti, zile duara ambazo mti huongeza moja kila mwaka, vimezirudisha karne ya 15. Vipimo hivyo navyo vina mipaka ambayo mabango ya watalii hayaitaji. Gome likiwa limebaki, mwaka wa kukatwa mti hujulikana; gome likiwa limechongwa, inabidi kukadiria pete za nje zilizopotea, na kwa mwaloni wa Uingereza makadirio ya kawaida ni kati ya pete 9 na 41. Mti uliokua haraka una pete chache mno na hautoi jibu lolote. Tena mwaka wa mti si lazima uwe mwaka wa jengo, na kwa hakika si mwaka ambao nyumba ilianza kupokea wageni.

Nina shaka pia juu ya madoa ya moto yenye umbo la tone kwenye linta za meko. Maelezo ya sasa ni kwamba yaliunguzwa kwa makusudi kwa mshumaa, ili kuikinga nyumba na moto au husuda. Majaribio yameonesha kwamba doa zuri la namna hiyo linahitaji mwali ushikwe kwa utulivu kwa dakika kadhaa, kwa hiyo bahati mbaya haitoshi kuyaeleza yote. Lakini dhamira ya aliyeyaunguza haikuandikwa popote, na mimi naona tumefanya haraka kuigeuza dhana hii kuwa somo.

Kwa anayetaka kulala ndani ya historia yenyewe, shauri langu ni kutouamini uso wa barabarani. Magari ya farasi ya posta yalipoanza mwaka 1784, nyumba zilizo kwenye njia kuu zilipata fedha, na katika enzi hizo nyingi zilivishwa uso wa matofali huku mifupa ya mbao ikibaki ndani. Pita chini ya lango la magari uingie uani ndipo utazame. Katika New Inn ya Gloucester, iliyojengwa karibu na mwaka 1450 kwa ajili ya mahujaji wa abasia (nyumba ya watawa) ya Mtakatifu Petro, roshani za mbao bado zimeuzunguka ua. Katika George Inn ya Norton St Philip, Somerset, ghorofa za mbao zimetokeza juu ya ukuta wa mawe, na nyumba ilihudumia watawa pamoja na wafanyabiashara wa sufu.

Unapoagiza chumba, uliza kama kiko katika jengo kuu, kwa maana vyumba vingi vya bei nafuu viko katika mabanda ya farasi yaliyogeuzwa au katika nyongeza ya juzi. Uliza kuhusu ngazi kama unasafiri na wazee, kwani lifti ni nadra na sheria za hifadhi haziruhusu kutoboa jengo ovyo. Kisha tafuta jina la hoteli katika orodha ya taifa ya urithi ya Uingereza, ambayo iko wazi mtandaoni bila malipo. Maelezo yake ni mafupi, na baadhi ya wakaguzi hawakuingia ndani, kwa hiyo yachukue kama mahali pa kuanzia, halafu uende na tochi.