Kwa nini wacheza poka wameihama meza ya kasino

Mgawaji karata mzoefu, akipata meza ya watu 9 wasiochelewesha mchezo, humaliza mikono, yaani raundi za kugawa karata mpaka mshindi apatikane, kama 30 kwa saa. Naijua hesabu hiyo kwa vidole vyangu, kwa kuwa nimegawa karata kasinoni Dar es Salaam kwa miaka 9: unachanga, unakata, unagawa, unakusanya chipu za madau, unatoa kamisheni ya kasino na kuitumbukiza kwenye tundu la meza, unamsukumia mshindi fungu lake, kisha unaanza upya. Mtandaoni kazi yote hiyo hufanywa kufumba na kufumbua, na meza ya namna ileile humaliza mikono 60 hadi 75. Mchezaji anayefungua meza 4 kwa pamoja kwenye kompyuta yake huona mikono 250 au zaidi kwa saa. Watu wakiniuliza kwa nini wachezaji hodari wanajifungia nyumbani ilhali kasino ina viti vizuri na watu wa kuzungumza nao, huanza kuwajibu kwa tarakimu hizo.

Chukua Texas Hold'em, aina ya poka inayochezwa zaidi, ambamo kila mchezaji hupewa karata 2 za siri na karata 5 za wote hufunuliwa katikati ya meza. Uwezekano wa kupewa ree 2, jozi ya kuanzia yenye nguvu kuliko zote, ni mara 1 katika 221. Kasinoni utazisubiri kwa wastani wa saa 7 na zaidi. Mwenye meza 4 mtandaoni huzipata kabla saa moja haijaisha. Na hata zikija, zikikabiliana na wafalme 2 hushindwa karibu mara 1 katika 5, bila kosa lolote la aliyezishika. Bahati basi huufunika ustadi kwa muda mrefu sana, na mtu hawezi kujua kama anacheza vizuri mpaka awe amecheza mikono mingi. Mikono 10,000, ambayo kwangu ni kiasi cha kuanzia tu, hudai zaidi ya usiku 40 wa saa 8 kwenye meza ya kasino, lakini mtandaoni ni saa 40. Hiki ndicho kivutio kikubwa kuliko vyote, na nasikitika kwamba matangazo ya biashara hii hayakitaji, yakipendelea kuonyesha mabunda ya fedha.

Kingine ni udogo wa dau. Huko Las Vegas meza za chini kabisa kwa kawaida huwa na madau ya lazima ya dola 1 na 2, au 1 na 3, na mtu hukaa na dola 200 hivi. Kasino haiwezi kushuka sana chini ya hapo, kwa sababu meza inakula nafasi, mgawaji anadai mshahara, na kamisheni ya mikono 30 kwa saa lazima iyalipe yote hayo. Mtandaoni zipo meza za senti 1 na 2, ambako dola 2 zinamtosha mwanafunzi kuanza na akiba ya madau 100. Ngazi hiyo ndiyo aliyoipanda Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliyelipa dola 86 kwenye shindano dogo la PokerStars, tovuti ya poka, akapata nafasi katika mashindano makuu ya World Series of Poker ya 2003 yenye kiingilio cha dola 10,000, akawashinda wenzake 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata waliojiandikisha walikuwa 2,576.

Wanaoshuku huniuliza: nani anachanga karata hizo? Swali ni la haki kabisa. Karata 52 zinaweza kupangika kwa namna nyingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 68. Mwaka 1999 programu iliyotumiwa na tovuti ya Planet Poker ilianzisha uchangaji wake kwa kusoma saa ya kompyuta, na siku nzima ina milisekunde milioni 86.4 tu, kwa hiyo mipangilio iliyobaki ilikuwa michache mno. Wataalamu wa Reliable Software Technologies nchini Marekani walionyesha kwamba, baada ya kuziona karata 5, waliweza kujua karata za kila mtu mezani. Waliweza kulifichua kosa hilo kwa sababu watengenezaji walikuwa wameuchapisha utaratibu wao wa kuchanga. Mwaka 2007 kumbukumbu za michezo ndizo zilizoifichua akaunti moja ya Absolute Poker iliyokuwa ikiziona karata za wenzake.

Kumbukumbu hizo ninazithamini mno. Kila mkono huandikwa: nani aliweka dau gani, kwa mpangilio upi, karata zipi zilifunuliwa. Kasinoni nilikuwa nikisoma watu. Mgeni ambaye vidole vyake vilitetemeka akisogeza chipu, mara nyingi alikuwa ameshika karata nzito, na wengi walidhani ni woga. Nyumbani sura haionekani. Vinabaki ukubwa wa dau na muda anaouchukua mtu kuamua. Kwa mwanamke aliyechoka kukodolewa macho na meza nzima ya wanaume, na niliwaona wakiinuka kabla chipu zao hazijaisha, hiyo ni nafuu ya kweli.

Kasi hiyohiyo humfilisi haraka anayecheza vibaya. Sisi alfajiri tulitangaza mikono 3 ya mwisho, tukafunika meza, na aliyekuwa akipoteza akalazimika kwenda kulala. Mtandaoni hakuna anayefunika meza. Mzee mmoja aliyekuwa mteja wangu wa kila Ijumaa alihamia huko, na baada ya miezi kadhaa akaniomba nimsaidie kuzipanga kumbukumbu zake kwa saa za siku. Kuanzia jioni hadi saa 5 usiku alikuwa na faida ndogo. Hasara yake karibu yote ilikuwa baada ya saa 7 usiku, katika mikono ambayo, tulipoisoma pamoja mmoja mmoja, mwenyewe alisema asingeicheza akiwa hajachoka. Sasa hufunga kompyuta saa 5.