Ayoni mtazamaji: maana yake na jinsi ya kuionyesha darasani

Ayoni mtazamaji ni ayoni (atomu au kundi la atomu lenye chaji ya umeme) iliyomo ndani ya myeyusho wakati mmenyuko unafanyika, lakini yenyewe haiguswi. Huanza ikiwa huru majini na humaliza ikiwa huru vilevile. Ukiifuta pande zote mbili za mlinganyo, kinachobaki ni mlinganyo wa ayoni, yaani mmenyuko wenyewe.

Maana hiyo mwanafunzi huikariri kwa dakika moja. Linalomshinda ni hili: hakuna ayoni iliyozaliwa mtazamaji. Kloridi hutazama katika neli hii ya majaribio, na katika neli ya pili ndiyo inayofanya kazi yote. Anayekariri orodha ya "watazamaji" atakwama swali likibadilika kidogo tu.

Kwanza akubali kwamba chumvi ikishayeyuka haipo tena kama chumvi. Chovya nyaya mbili kwenye chumvi kavu ya mezani, ukiwa umeziunganisha na betri ya volti 9, taa ndogo ya LED na rezista ya omu 470. Taa haiwaki. Chovya nyaya hizohizo kwenye maji ya chumvi, inawaka. Sodiamu na kloridi zimeachana, kila moja imezungukwa na molekuli za maji na inakwenda kivyake.

Kisha njoo kwenye mrututu, yaani salfeti ya shaba. Pima gramu 2.5 za fuwele zake za buluu, ziyeyushe, halafu ongeza maji hadi ujazo ufike mililita 100. Umepata moli 0.1 kwa lita. Kostiki soda, yaani haidroksidi ya sodiamu, pima gramu 0.8, nayo ifike mililita 100, ambayo ni moli 0.2 kwa lita. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo huku ukikoroga, kamwe si maji juu ya kostiki, na kila aliye karibu avae miwani ya kinga.

Weka mililita 5 za mrututu kwenye neli ya majaribio, uongeze mililita 5 za kostiki tone kwa tone. Tone la kwanza tu linaacha wingu la buluu hafifu, zito na lenye utelezi kama uji wa wanga. Hayo ndiyo mashapo, haidroksidi ya shaba. Yachuje kwa karatasi ya chujio na uwe na subira, maana mashapo ya aina hii huziba karatasi. Usipashe neli moto ili kuharakisha: buluu itageuka nyeusi, kwa kuwa haidroksidi huvunjika ikawa oksidi ya shaba, na darasa litadhani ni mmenyuko mwingine kabisa.

Chujo linalotoka halina rangi, kwa sababu buluu ya mrututu ilikuwa ya ayoni za shaba na sasa zimekamatwa kwenye mashapo. Walimu wengi huishia hapa, na ni hasara, kwa sababu kinachothibitisha utazamaji kimo ndani ya chujo hilo. Chukua mililita 1, tia matone machache ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha matone ya kloridi ya bariamu (ni sumu ikimezwa). Weupe unaotokea ni salfeti ya bariamu. Salfeti ilikuwamo tangu mwanzo, haikwenda popote. Chovya waya safi wa nikromu kwenye chujo na uupeleke motoni: mwali unakuwa wa njano, ndiyo sodiamu. Mwanafunzi akishaona hayo kwa macho yake, kufuta Na⁺ na SO₄²⁻ ubaoni hakuonekani tena kuwa mazingaombwe:

Cu²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) + 2Na⁺(aq) + 2OH⁻(aq) → Cu(OH)₂(s) + 2Na⁺(aq) + SO₄²⁻(aq)

Cu²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) → Cu(OH)₂(s)

Alama (aq), yaani iliyoyeyuka majini, (s), yaani yabisi, na (l), yaani kimiminika, zisiachwe. Ndizo zinazomwambia mwanafunzi nini cha kutenganisha kuwa ayoni na nini cha kuacha kizima.

Katika jaribio la bariamu, kloridi ilikuwa mtazamaji. Sasa ihamishie kwenye neli ya fedha. Yeyusha gramu 0.85 za naitreti ya fedha hadi mililita 100, uhifadhi kwenye chupa ya rangi ya kahawia, na usiishike kwa mikono mitupu, kwani huacha madoa meusi kwenye ngozi. Tone moja au mawili kwenye maji ya chumvi yanatosha kuleta weupe wa kloridi ya fedha:

Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s)

Hapa kloridi ndiyo mtendaji, na sodiamu na naitreti ndizo zinazotazama. Ndiyo maana kipimo hiki hutiwa asidi ya naitriki, si ya haidrokloriki. Asidi inahitajika ili kuondoa kaboneti, ambayo nayo hushuka pamoja na fedha na kudanganya. Lakini haidrokloriki inakuja na kloridi yake, basi kila sampuli itaonekana kuwa na kloridi. Kuchagua asidi ya kipimo ni kuuliza kila mara: ayoni inayokuja na asidi hii itatazama, au itaingilia?

Kosa hilohilo hutokea kwa maji ya bomba. Ukitengenezea naitreti ya fedha kwa maji hayo, chupa nzima inaweza kuwa na ukungu kabla hujaanza, kwa sababu ya kloridi iliyomo. Tumia maji yaliyokenekwa. Kama huna uhakika nayo, tia tone la naitreti ya fedha kwenye mililita 2 za maji hayo, uyatazame mbele ya karatasi nyeusi.

Kwenye kuandika, makosa ni yaleyale mwaka hadi mwaka. CaCl₂ inatenganishwa kuwa Ca²⁺ na Cl₂²⁻, badala ya Ca²⁺ na 2Cl⁻. Salfeti inavunjwa kuwa salfa na oksijeni, wakati SO₄²⁻ husafiri majini ikiwa kitu kimoja. Chaji hazihesabiwi: atomu zimelingana, lakini kushoto kuna +1 na kulia sifuri. Mzoeze kujumlisha chaji za kila upande kabla hajaweka kalamu chini.

Gumu zaidi ni siki. Haidrokloriki na kostiki hubaki H⁺(aq) + OH⁻(aq) → H₂O(l), kwa hiyo mwanafunzi huandika vivyo hivyo kwa asidi ya ethanoiki, ile iliyomo kwenye siki. Lakini asidi hiyo ni dhaifu, na molekuli zake nyingi huelea majini zikiwa nzima, basi huandikwa nzima:

CH₃COOH(aq) + OH⁻(aq) → CH₃COO⁻(aq) + H₂O(l)

Ethanoeti (CH₃COO⁻) haikuwa huru mwanzoni, kwa hiyo haiwezi kufutwa. Mtazamaji hapa ni sodiamu peke yake.