Mfereji peke yake haushiki udongo

Mvua za Septemba zikirudi Walungu na Kabare, huku Kivu Kusini, Kongo, zinakuta mashamba uchi. Maharagi yalishavunwa, mbuzi wamemaliza mabaki, na udongo mwekundu umekauka tangu Juni. Ndipo watu wanapokuja kuniona Bukavu: agronomu, uje utupimie mifereji ya kuzuia mmomonyoko.

Ninaenda, lakini swali langu la kwanza ni hili: shamba ni kalinzi au ni bwasa? Mwenye kalinzi anajua watoto wake watarithi. Mwenye bwasa amekodi kwa msimu, na akipanda mti tu, mwenye ardhi ataona anataka kumnyang'anya. Wataalamu wengi hawaulizi, kisha wanashangaa miche yao imeng'olewa. Wakati wa Wabelgiji mifereji ilichimbwa kwa lazima. Baada ya uhuru wa 1960 wengi waliiacha ijae, nami siwalaumu.

Kwenye kalinzi napenda fanya juu: unachimba mfereji ukikata mteremko, udongo unautupa upande wa juu. Kupima hakuhitaji mashine. Funga miti mitatu iwe herufi A, ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni, na utie alama pale kamba inapokata mti wa kati miguu yote ikiwa usawa mmoja; shambani, kamba ikirudi kwenye alama hiyo, ujue miguu iko usawa. Mteremko ukishuka mita 3 kwa kila mita 10, acha kama mita 5 kati ya mfereji na mfereji. Watalalamika kwamba shamba limeliwa. Kweli limeliwa, kwa hiyo ule ukingo wa udongo uliotupwa juu lazima uzae kitu.

Panda juu yake majani ya malisho, setaria au tripsakamu. Mizizi inashika udongo, majani yanalisha ng'ombe. Ukingo ulioachwa mtupu mvua kubwa inautoboa mahali pamoja, maji yote yanapita hapo, na korongo limeanza. Nyuma ya majani weka kaliandra, mti mdogo wa jamii ya kunde. Lusina, mti mwingine wa jamii hiyo, watu waliisifu sana, ila huku juu, kwenye baridi na udongo wenye asidi, inadumaa. Kaliandra inavumilia, na ukiikata inachipuka tena. Lakini kinachowavuta akina mama ni fimbo zake: maharagi ya kupanda juu yanazitaka nyingi, na sokoni si bure.

Mwenye bwasa namwambia asichimbe. Alaze mabua na magugu kwa mistari inayokata mteremko, matuta ya viazi vitamu yafuate mistari hiyo hiyo, na muhogo auchanganye na maharagi, maana muhogo unakawia kufunika ardhi.

Kuna mahali sichimbi hata nikibembelezwa: mteremko mkali wenye nyufa, au ambapo miti imeanza kuinama. Mfereji hapo unanywesha udongo maji mengi zaidi, na kilima chote kinaweza kuteleza. Hapo ni miti tu, na maji yaelekezwe pembeni kabla hayajafika.